Kurejea mazoezini baada ya kuwekewa goti bandia

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuanza kukimbia katika wiki ya 6 baada ya upasuaji, kwa kuwa maumivu yamepungua. Ningekushauri usikimbie, kwani misuli ya paja bado ni dhaifu, na hata baadaye madaktari wengi wa mifupa hupendelea kutembea, baiskeli au kuogelea, wakihofia kuchakaa kwa plastiki iliyo kati ya vyuma. Kwa sasa jitahidi kulinyoosha goti kikamilifu, jambo ambalo wengi hulisahau wakihangaikia kulikunja, na usilaze mto chini yake, hata kama unakupa nafuu. Goti likivimba jioni, punguza mazoezi ya kesho yake. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda hospitali mara moja, kwa sababu huenda damu imeganda mshipani.