Dada uliyeuliza kuhusu tarot na sala: nilivyoanza na pale nilipokosea

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema wewe ni Mkatoliki wa Mbarara, shangazi amekuletea karata za tarot kutoka Ulaya, zile za picha ambazo watu wengi wanatabiria, picha zake zimekugusa, lakini moyo unakuambia hii ni ramli, na unataka kujua kama kuna mtu amewahi kukaa nazo mbele ya Mungu bila kumkosea. Mi nimefanya hivo miaka kadhaa sasa, na kuna siku nimemkosea, ntakueleza yote.

Kwanza mimi ni nani. Nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, Kiswahili ndo lugha ya nyumbani kwetu, na pale jioni wanaume walikuwa wanacheza matatu, ule mchezo wa karata, chini ya mwembe mpaka giza linaingia. Kwa hiyo karata kwangu hazijawahi kuwa kitu cha kutisha. Na ukitafuta tarot zilitoka wapi utakuta hivohivo, zilikuwa mchezo tu, kaskazini ya Italia huko Milano na Ferrara miaka ya 1440 hivi, matajiri wanachorewa na mafundi wanacheza mezani. Habari ya kutabiri ilikuja kushika kasi baadaye sana Ufaransa, pale msomi mmoja, Court de Gébelin, alipoandika 1781 kwamba ni hekima ya siri ya Misri, na wakati huo hakuna mtu hata mmoja Ulaya aliyekuwa anaweza kusoma maandishi ya Misri ya kale! Zaidi ya miaka 300 watu walikuwa wanacheza tu.

Alafu zitazame zenyewe. Ziko 78, lakini 22 ndo zenye zile picha kubwa, na aliyezichora alikuwa mtu wa dunia ya kanisa. Utamkuta Haki na mizani yake, utamkuta Nguvu na simba, utamkuta Kiasi, hizo ni fadhila tatu kati ya zile nne tulizofundishwa na katekista (Busara ndo haipo, na mi nimekaa na hilo pengo siku nyingi sana). Hukumu ni malaika anapiga tarumbeta na wafu wanatoka makaburini. Ile ya mwisho, Dunia, pembeni zake nne kuna mtu, tai, simba na ng'ombe, fungua Ufunuo sura ya 4 utawakuta haohao.

Kwa hiyo mi sikuanza na pakiti ya dukani. Nilitoa picha 22 za zile za Marseille, yani tarot za mtindo wa zamani wa Ufaransa, kwenye intaneti, nikapeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kijana mmoja akaniprintia kwenye karatasi ngumu, akazikata kwa mashine na kuzilamineti. Wakati anakata ile ya 13, ile ya mifupa na fyekeo, akaniuliza mbona hii haina jina. Ni kweli, kwenye za Marseille ile ya mauti inaandikwa namba tu, jina hawaweki. Nikamjibu labda wote tunalijua. Akanyamaza, akaendelea kukata.

Sasa nilipokosea. 2019 mdogo wangu alienda Uarabuni kazi ya ulinzi, wiki tatu simu yake haipatikani. Wakati huo nilikuwa nachanganya karata, natoa moja asubuhi, naitazama, nasali. Siku hiyo nikatoa Mnara, radi inapiga na watu wawili wanaanguka vichwa chini, na mwili mzima ukapoa. Nikachanganya tena. Ile ya 13. Nikachanganya tena na tena, sijui ilikuwa ya sita au ya saba ndo likaja Jua, hapo nikashusha pumzi nikampigia mama nikamwambia usiogope yuko salama, nimeona. Mama akauliza, umeona wapi? Nikakosa jibu.

Siku nne baadaye mdogo wangu akapiga, simu ilikuwa imeharibika na mshahara haujatoka, basi. Lakini mama tayari alishaamini mimi naona. Wiki iliyofuata akaniambia nimtazamie ule mgogoro wa shamba na majirani, kama tutashinda. Mama yangu, mtu wa rozari kila jioni, ananiomba mimi nimpigie ramli! Nilienda kuungama nikiwa natetemeka. Padri hakunifokea, aliniuliza kitu kimoja tu, siku ile ya Mnara uliongea na nani kwanza, Mungu au karata? Alafu akaniambia niziweke mbali mpaka Pasaka. Ilikuwa inabaki miezi saba. Nikaziweka, na kwa mama nikarudi nikamwambia ukweli kwamba sikuona chochote, nilikuwa nimeogopa.

Kwa hiyo dada, hapo usijidanganye. Katekisimu namba 2116 inakataa kila aina ya utabiri, Kumbukumbu la Torati 18 nayo iko wazi, na mi sitafuti mlango wa nyuma. Kuna watu watakuambia mitume walipiga kura wakampata Mathiya. Sawa, lakini walisali kwanza, na hawakurudia kura mpaka litoke jina wanalolipenda. Mi nilirudia.

Niliporudi nazo baada ya Pasaka niliacha kuchanganya kabisa. Naenda kwa mpangilio, karata moja wiki nzima, wiki 22 zimeisha naanza upya. Kwa mwaka ni mara mbili, zinabaki wiki 8, na karibu zote zinaliwa na Kwaresima ambayo sigusi karata. Yani najua kabisa wiki ijayo inakuja ipi, hakuna cha kubahatisha, kwa hiyo hakuna cha kuuliza kesho itakuwaje. Nyumbani kwangu hiyo ndo imeua ramli.

Naamka kabla ya adhana ya kwanza, nawasha mshumaa, nasoma Injili ya siku, ndo naweka karata mezani. Dakika kumi natazama tu. Mikono iko wapi, macho yanaangalia wapi, nani amesimama na nani amepiga magoti. Alafu najiuliza, leo mimi ni nani kwenye hii picha, na hapo namwambia Mungu ukweli. Nafunga sala. Simsomei mtu mwingine, hata akiniomba kwa machozi, namwambia njoo tusali.

Wiki moja nilikuwa na Kiasi, malaika anamimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Siku tatu sioni kitu. Siku ya nne mke wangu anapoza chai ya mtoto, unajua vile tunafanya, kikombe hiki kwenda kile, juu chini juu chini, chai inatoa uzi mrefu na haimwagiki hata tone, na mtoto anasubiri kwa sababu anajua itafika kwake ikiwa haiunguzi. Nilibaki nimesimama mlangoni. Mi nilikuwa na hasira na mdogo wangu huyohuyo mambo ya pesa, nimeandika ujumbe mkali uko kwenye simu nasubiri kuutuma. Niliukalisha siku mbili nikaandika mwingine.

Za shangazi yako usizitupe, lakini usianze na 78. Toa zile 22, nyingine ziweke. Mwambie padri wako kabla hujaanza, na akikataa, mtii. Alafu anza na ya Mzee mwenye taa, kwenye zile za kwanza kabisa za Italia alishika saa ya mchanga na siyo taa. Kaa naye wiki moja uone ameshika nini kwako, alafu urudi hapa utuambie.