Kabla hujanunua miwani ya kidijitali kwa mafundi wako

Kaka, nimekuelewa: una mafundi sita wa jenereta, fundi mkuu hawezi kuwa saiti zote kwa siku moja, na umepata HoloLens 2 za mtumba, yaani miwani ya Microsoft inayoonesha michoro mbele ya jicho, ili awaelekeze akiwa mbali. Naomba usilipe kwanza. Microsoft waliacha kuzitengeneza mwaka 2024, na masasisho ya usalama yanakoma mwisho wa 2027. Google nao walisitisha kuuza miwani yao ya Glass kwa makampuni Machi 2023. Spea utazitoa wapi?

Anza na simu mlizonazo. Sisi tulijaribu miezi mitatu: kijana anapiga simu ya video, fundi mkuu anamwelekeza. Tuligundua tatizo letu halikuwa kushika simu, bali mtandao. Ndani ya vyumba vya chini vya majengo picha iliganda kila mara.

Ukiona kweli mikono ndiyo inayokwama, tafuta jozi moja ya kuazima, mfano RealWear, inayofungwa kwenye helmeti na kuamriwa kwa sauti. Ijaribu jenereta ikiwa inanguruma, na avae pia fundi anayetumia miwani ya macho.

Hofu yangu kubwa ni hii: mchoro unaoelea mbele ya jicho hauoneshi kama waya una umeme. Mchoro unaweza kuwa wa zamani. Zima, funga swichi kwa kufuli, pima kwa testa. Kwenye paneli kubwa mwite mhandisi umeme aliyesajiliwa. Na kamera isiwashwe kabla mteja hajaruhusu.