Niongeze Ugavi au Nijifunze Kifaransa?

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Fedha katika chuo kikuu kimoja jimboni Ohio, Marekani, na ninamalizia muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Mwalimu anayenishauri kuhusu masomo anataka niongeze Ugavi iwe fani kuu ya pili, kwa kuwa nitabakiwa na kozi saba tu kuikamilisha. Mimi natamani Kifaransa. Nikihitimu nitarudi Dar es Salaam kufanya kazi na baba mdogo, ambaye ni wakala wa forodha na wateja wake wengi wanatoka Lubumbashi na Kolwezi. Yeye anasema Wakongo wa huko wanazungumza Kiswahili, hivyo Kifaransa ni kupoteza ada. Nifuate lipi?

Binti wa Temeke, Ohio

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwa hali uliyoieleza, nakushauri uchukue Kifaransa, ila kwa sharti moja, na sharti hilo lisipotimia basi ushauri wa mwalimu wako ndio ulio bora.

Tazama kwanza hizo kozi saba. Zimebaki chache kwa sababu nyingine, yaani uhasibu wa awali, takwimu, uchumi na sheria ya biashara, ni zilezile unazozisoma kwa ajili ya Fedha. Utapata ujuzi wa kweli, lakini ni ujuzi unaopakana na ulio nao, na ukishahitimu bado utaweza kuutafuta. Hapa nyumbani Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ina mitihani yake ya kitaaluma, ambayo watu huisomea wakiwa kazini, na Chuo cha Kodi jijini Dar es Salaam hutoa mafunzo ya cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho kwa kazi ya baba yako mdogo utakihitaji hata ukirudi na fani kuu mbili.

Baba yako mdogo ana haki kuhusu Kiswahili. Ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo, na Lubumbashi utaelewana na dereva na mpokea mzigo bila mkalimani. Hata hivyo, lugha rasmi ya nchi ile ni Kifaransa, na mzigo huvuka mpaka kwa karatasi. Isitoshe, tangu 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ikiwemo ya mikataba ya kusafirisha mizigo kwa barabara, na matoleo ya lugha mbalimbali yakipishana, la Kifaransa ndilo hufuatwa.

Chukulia kwamba lori limezuiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwa kuwa uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena haulingani na ule wa kwenye tamko la forodha, na wakala wa upande wa Kongo ametuma barua ya kurasa mbili akitaka maelezo kabla ofisi haijafungwa. Anayeweza kuisoma, kuielewa na kuijibu saa ileile humwondolea mteja gharama ya lori kulala mpakani. Mtu wa namna hiyo, ambaye papo hapo anajua hesabu za fedha, hapatikani kwa urahisi Dar es Salaam, na naona wewe unaweza kuwa mmoja wao.

Sasa sharti. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kifaransa. Kozi ya chuo ya saa nne kwa wiki, katika muhula wa wiki 15, ni saa 60, na mihula minne ni saa 240. Kwa kiasi hicho utajitambulisha na kuagiza chakula, lakini hutaandika barua ya forodha. Kwa hiyo uliza mapema kama chuo chako kina mpango wa kupeleka wanafunzi Ufaransa, Québec au Dakar kwa muhula mzima, uliza pia kama kinafundisha Kifaransa cha biashara, na ujiwekee lengo la kufaulu mtihani wa DELF, ule wa kimataifa wa kupima Kifaransa, wa ngazi ya B2, yaani ya mtu anayejitegemea katika lugha, kabla hujarudi. Likizo ukiwa Dar es Salaam, jiandikishe Alliance Française, kituo kinachofundisha Kifaransa.

Kama ada au ratiba haitakuruhusu kufanya hayo, chukua Ugavi bila kusita, kwa maana Kifaransa cha nusu njia hakitakusaidia wewe wala ofisi. Muhula ujao anza Kifaransa pamoja na kozi moja ya Ugavi, ikiwezekana ile ya usafirishaji. Baada ya mihula miwili, ukiona lugha haiendi, utakuwa bado na mihula mitatu ya kumalizia kozi sita zilizobaki.