Usimpelekee mteja hiyo milisekunde 4

Simama hapo hapo. Hiyo ripoti usiitume.

Wewe wa Malindi uliyeuliza: umejenga injini ya kutafuta kwa tovuti ya nyumba za kupanga, ukaandika skripti inayotafuta "nyumba vyumba viwili karibu na bahari" mara 1,000, wastani ukatoka milisekunde 4, na Ijumaa wampelekea mteja. Wauliza kama wastani huo watosha, logi (daftari la kila kinachotafutwa) uiandike vipi, ubaki na Elasticsearch au uhamie Solr, zote mbili injini za kutafutia, na seva iwe na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, kiasi gani. Nilipofika kwenye "mara 1,000" nikaweka kikombe cha kahawa chini. Hiyo skripti naijua, yakhe. Niliiandika mimi miaka minne iliyopita hapa Lamu, na mpaka leo nikipita baraza fulani pale Mkunguni nainamisha kichwa kama mtu mwenye deni la duka.

Kazi yangu ilikuwa mkusanyo wa barua na tenzi za zamani, zilizohamishwa kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kirumi. Nilitumia Solr. Ukijenga kitu cha kutafuta kwa Kiswahili utakutana na tatizo la siku ya kwanza: mtu aandika "kitabu", waraka una "vitabu". Lugha yetu yabadilika sana mbele ya neno, si nyuma tu. Lucene, programu iliyomo ndani ya Solr na Elasticsearch zote mbili, ina vichanganuzi (vinavyolirudisha neno kwenye shina lake) vya Kiarabu, vya Kihindi, hata vya Kifini, lakini cha Kiswahili hakimo. Basi mimi, kwa ujanja wangu, nikafanya programu ikate kiambishi na kulizungushia kila neno nyota mbili, mbele na nyuma; nyota maana yake "herufi zozote zaweza kuwa hapa". Mtu akiandika "kitabu" kinachokwenda Solr ni *tabu*. Nikajiona fundi.

Kisha akaja mtaalamu wa kutoka mjini, ambaye sitamtaja ingawa mkono wanikuna, mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akanipa skripti. "Piga utafutaji mmoja mara elfu, chukua wastani, hiyo ndiyo kasi yako." Nikapiga. Solr huandika kwenye kila jibu namba iitwayo QTime, yaani milisekunde inazodai imetumia. Yangu ikatoka 1. Mara nyingine 0! Sifuri, ndugu yangu. Nilimwonyesha mke wangu ile sifuri.

Hakuniambia, ama hakujua, kwamba Solr ina kashe inayokumbuka matokeo ya utafutaji uliokwisha kuulizwa. Mara ya kwanza ilifanya kazi. Mara 999 zilizobaki ilinisomea jibu lile lile kutoka kwenye kumbukumbu. Mimi sikupima injini ya kutafuta, nilipima uwezo wa kompyuta kukumbuka kitu nilichomwambia sekunde moja iliyopita. Wewe uko Elasticsearch, na najua utasema kashe zake zafanya kazi kwa namna nyingine, nyingi ni za vichujio na za hesabu za jumla. Sawa. Lakini faili za indeksi, ile orodha ya maneno ya injini, zitakuwa zimeshapandishwa kwenye RAM na mfumo wa kompyuta yenyewe, na Java inayoiendesha injini itakuwa imeshapata moto. Mtu wako wa kwanza wa asubuhi hatakuta hali hiyo.

La pili, na hili ndilo linalonichoma zaidi: skripti ilipiga Solr moja kwa moja. Haikupita kwenye programu yangu. Kwa hiyo zile nyota hazikuwemo! Nilipima kwa uangalifu mkubwa utafutaji ambao hakuna binadamu angeufanya kwenye tovuti ile.

Siku ya uzinduzi wazee wamekaa, mahamri yapo, kompyuta iko juu ya meza yenye kitambaa. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, akaandika maneno matatu. Tukangoja. Ile duara ikazunguka. Tukangoja tena. Akaniangalia juu ya miwani: "Mwanangu, mashine yako yafikiri au imelala?" Kuna aliyesema punda angeshafika Shela na kurudi, na baraza zima likacheka, na mimi nikacheka pia kwa sababu ungefanyaje.

Unajua yule mtaalamu alisema nini nilipompigia? "Hiyo ni intaneti yenu ya kisiwani. Na uongeze RAM." Na mimi nikaongeza! Nikahamia seva ya bei mara mbili. Haikusaidia. Nikaongeza tena. Miezi mitano nalipa seva kutoka mfukoni mwangu, nailaumu minara ya simu, naulaumu upepo wa kusi, kwa sababu sikuwa na hata mstari mmoja wa logi wa kunionyesha ni nani alitafuta nini na alingoja muda gani. Nilikuwa na ile sifuri tu. Mteja akachoka, na awamu ya pili ya malipo sikuiona. Ile pesa ingetosha injini ya boti ya mtumba, na wala sitanii. Nilishaenda kuiangalia.

Sasa sikiza, kama utasahau yote shika hili moja: usipime kwa utafutaji uliotunga wewe. Andika logi ya utafutaji wa watu, kisha pima kwa kuurudia huo. Baada ya miezi mitano ndipo nilipoweka logi. Siku nne zilinitosha kujua ugonjwa.

Logi yenyewe, mstari mmoja kwa kila utafutaji. Saa na tarehe. Alichoandika mtu, vile vile alivyoandika, na makosa yake. Kisha kile ambacho programu ilituma kwenye injini. Hivi viwili viandike vyote, usione uvivu, maana kwangu ugonjwa ulikuwa umelala katikati yao. Idadi ya matokeo. Ukurasa wa ngapi. Muda ambao injini yenyewe imedai. Na muda ambao mtu amengoja kweli: kivinjari kishike saa kuanzia alipobonyeza hadi matokeo yalipotokea, kisha kiutume kwako na namba ya utambulisho ya ombi lile ili uunganishe.

Usizichanganye hizo saa mbili ukadhani ni kitu kimoja. QTime ya Solr haihesabu muda wa kuziandika nyaraka kwenye jibu na kulisafirisha. Mimi nilikuwa narudisha matini nzima ya barua hamsini kwa kila ukurasa, ilhali skrini yaonyesha mistari miwili ya kila moja! Injini ilisema imemaliza, mtu bado avuta megabaiti kwa simu. Ile namba "took" ya Elasticsearch ni afadhali kidogo kwa sababu yahesabu na kuzichukua nyaraka, lakini safari ya mtandao haimo. Ukiandika namba ya injini peke yake umeandika maoni ya mpishi kuhusu chakula chake.

Jina la mtu na anwani ya kompyuta yake usiweke. Watu huandika mambo kwenye kisanduku cha kutafuta, na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Utaambiwa pia uwashe logi ya polepole iliyomo ndani ya injini. Iwashe, ila ujue mambo mawili. Kwanza, imezimwa mpaka uweke kikomo mwenyewe. Kwenye Solr ni slowQueryThresholdMillis. Pili, ya Elasticsearch hupima kila kipande cha indeksi peke yake, si ombi zima. Ombi laweza kumchosha mtu na hakuna kipande kilichovuka kikomo, ukafungua logi ukaikuta nyeupe, ukalala usingizi wa mjinga. Isitoshe yakuonyesha waliochelewa tu. Bila wale wengine utajuaje waliochelewa ni mmoja kwa mia au nusu?

Na huo wastani uutupe. Watu ishirini wapande boti kwenda Shela, kumi na tisa washuke wakavu na mmoja atumbukie baharini na kanzu yake: kwa wastani wote wakavu. Yapange maombi 1,000 kutoka la haraka hadi la mwisho, kisha utazame la 500, la 950 na la 990. La 500 kwangu lilikuwa zuri tu. La 950 ndilo lililofanana na la yule mwalimu.

Nilipolifungua nikakuta nyota zangu. Lucene hupanga maneno kwa herufi za mwanzo, kama kamusi. Ukimwambia mtu akutafutie yanayoanza na "kita" atafungua ukurasa. Ukimwambia yenye "tabu" popote pale, itabidi aisome kamusi nzima kuanzia A, na mzee aliandika maneno matatu. Nikaondoa nyota ya nyuma, nikaweka kichujio cha Solr kinachohifadhi kila neno na kivuli chake kilichogeuzwa, "kitabu" na "ubatik", ili nyota ya mbele igeuke kuwa ya nyuma. Nikapunguza kinachorudishwa. Seva nikairudisha kwenye ile ndogo ya kwanza kabisa, na ikatosha.

Halafu logi ikanipa na ya bure. Waliokuwa wakipata sifuri! "Ng'ambo" ilikuwa haionekani kwa wenye simu fulani, kwa sababu simu huweka ile alama iliyopinda na nyaraka zangu zina iliyonyooka. Kwa injini hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Na watu wa huku waliandika "ndia" na "nti" kwa Kiamu, mhamishaji akawa ameandika "njia" na "nchi". Hapo milisekunde zako zitakusaidia nini? Jibu tupu mara nyingi hurudi haraka, tena laupendezesha wastani.

Solr au Elasticsearch, wewe baki ulipo.

Leo ni Jumatatu. Weka logi usiku huu, wape jamaa zako kumi hiyo tovuti watafute nyumba kwa maneno yao wenyewe, na usimwambie hata mmoja aandike nini. Alhamisi anzisha upya kompyuta nzima, si injini peke yake, ili kashe zianze tupu, kisha yarudie maombi yote kupitia programu yako, si moja kwa moja, kwa mpangilio ule ule. Ukikuta la 950 (au la 95 katika kila mia, kama ni machache) linatisha, mpigie mteja umwombe wiki nyingine. Mwambie mtandao wa Malindi ulisumbua. Mimi kisingizio hicho nilishakilipia miezi mitano, kitumie bure.