Usikimbilie rufaa, kesi bado ipo

Siku baraza la ardhi lilipotupa pingamizi letu, mama alilia ndani ya daladala mpaka Makorora. Jirani alikuwa ametushitaki akidai sehemu ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Sisi tukasema amechelewa, miaka 12 ya kudai ardhi imeshampita. Mwenyekiti akaamua kwamba jambo hilo linataka ushahidi, shauri liendelee. Niliona tumeonewa. Wiki haikuisha, nikawa nimefungua rufaa Mahakama Kuu hapa Tanga.

Hoja zetu hazikusikilizwa hata moja. Wakili wa jirani alisimama akasema ule ni uamuzi mdogo, haujamaliza shauri, haukatiwi rufaa. Rufaa ikaondolewa, gharama juu yetu. Miezi yote hiyo jalada lilikuwa limeitwa juu, na kule barazani hakuna shahidi aliyeitwa. Mzee aliyesimama na baba siku ya kuweka mipaka alifariki katika kungoja huko. Ndiye aliyekuwa shahidi wetu mkubwa, na hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye wakili mmoja mtu mzima aliniuliza: "Mwanangu, Mwenyekiti alipomaliza kusoma, kulibaki kitu cha kusikiliza au hakikubaki?" Natamani ningeulizwa hivyo mapema. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, hairuhusu rufaa dhidi ya uamuzi mdogo wa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au baraza, isipokuwa uamuzi huo uwe umelimaliza shauri lenyewe. Ukibadili jina ukaomba marejeo, yaani mahakama ya juu iupitie uamuzi huo bila rufaa, unakutana na katazo hilo hilo. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani nako ni vivyo hivyo.

Angalia pingamizi letu. Lilipokataliwa, kesi ilibaki, kwa hiyo hatukuwa na rufaa. Lingekubaliwa, madai ya jirani yangekuwa yamekufa pale pale, na yeye angekuwa na siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Ni hoja ile ile, mbele ya Mwenyekiti yule yule. Kunyimwa zuio la muda, kuahirishiwa, kukataliwa kielelezo, vyote hivyo huiacha kesi hai.

Kutokata rufaa sasa si kukubali. Kosa lililogusa matokeo unaweza kulileta kama sababu ya rufaa hukumu ya mwisho ikitoka. Kwa hiyo hakikisha malalamiko yako yameandikwa kwenye mwenendo wa shauri, omba nakala ya uamuzi, kisha nguvu zako zipeleke kwa mashahidi, hasa wazee. Wao watangulie kusikilizwa.

Shauri letu linaendelea. Mwezi ujao ni zamu ya shangazi, ana miaka 78, na mipaka ile anaikumbuka mti kwa mti.