Mashine ya kupima mwili mzima kwa dakika moja, ninunue?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina zahanati ndogo hapa Morogoro. Kuna kijana ananiuzia mashine ya kupima mwili mzima, mgonjwa anashika kijiti cha chuma dakika moja tu na kompyuta inatoa majibu ya moyo, ini, figo, mifupa, uzazi mpaka vitamini, bila kutoa damu. Ina cheti cha ISO na alama ya CE. Tumeijaribu kwa watu kadhaa na karibu wote wamesema imepatia. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Na kwenye kijiti chenyewe sitakaa sana, kushika chuma hakuwezi kukwambia kreatinini ya mtu (kile kipimo cha damu cha figo) ni ngapi, hilo unalijua na ndo maana umeuliza. Kinachonichosha mimi kila siku ni hiyo sentensi yako ya mwisho, eti tumejaribu na watu wamesema imepatia.

Hivi ndugu yangu, kabla hamjaanza kupima mliingiza nini kwenye kompyuta? Umri, jinsia, urefu, uzito. Sasa ukishaiambia huyu ni mama wa miaka 55 ana kilo 92, hata mimi nikiwa nimefumba macho nitasema magoti yanamsumbua, usingizi wa shida na presha iangaliwe. Atajibu eeh kweli kabisa daktari! Alafu ile karatasi inatoka na mistari kibao, kila kiungo kina kakasoro kidogo, atakosaje mitatu minne inayomgusa? Isiyomgusa anaisahau hapohapo, na ule ugonjwa alionao kweli ambao mashine haijautaja, nani atajua kwamba umeachwa?

Fanya hivi huyo kijana akija tena. Mpime mtu mmoja, alafu mpime tena huyohuyo ila andika jina lingine, jinsia nyingine, na kama ana miaka 60 andika 20. Mkono ni uleule na kijiti ni kilekile. Weka karatasi zote mbili mezani aeleze figo zimepona saa ngapi. Mimi muuzaji mmoja nilimfanyia hivyo, akasema chumba kina mawimbi mengi ya simu.

Vyeti navyo visikutishe. ISO 13485 inaangalia kiwanda kinavyojiendesha, kumbukumbu zake, ukaguzi wake, haijasema popote kwamba kifaa kinaona ugonjwa. Na CE, ile alama ya kuruhusiwa kuuzwa Ulaya, kwa vifaa vilivyowekwa kundi la hatari ndogo mtengenezaji anajitangazia mwenyewe.

Kipimo kinapimwa kwa kushindanishwa na kipimo ambacho tayari kinaaminika, kwa wagonjwa na wasio wagonjwa, na anayesoma majibu ya huku hajui ya kule yametoka vipi. GeneXpert, ile mashine ya kupima makohozi unayoisikia kwenye TB, ilipita huko, utafiti mkubwa uliotoka 2010 ulichukua wagonjwa 1,730 wa Peru, Azerbaijan, Afrika Kusini na India, makohozi yao yakaoteshwa maabara kuona kama vijidudu vya TB vitakua, na majibu yakalinganishwa. Ilipatia zaidi ya 98% ya wale ambao hata hadubini iliwaona, ila kwa wale ambao hadubini iliwakosa, sampuli moja ilipata kama 72% tu, na waliiandika hivyohivyo bila kuficha. Kifaa cha kweli kina karatasi inayosema kinakosea wapi, ukiona muuzaji anakwambia chake hakikosei basi hakijawahi kupimwa.

Na usifikiri ni hawa wa vijiti tu. Kulikuwa na vipimo vya TB vya damu, vya viwandani kabisa, vingi vimetengenezwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, vinauzwa kwenye nchi maskini, zaidi ya milioni moja vinafanyika kwa mwaka na mgonjwa analipia mpaka dola 30. WHO wakapitia tafiti 94, mwaka 2011 wakasema acheni kabisa, vinawapa dawa watu wasio na TB na vinawarudisha nyumbani wenye nayo. Ile ya kubana kidole kupima oksijeni nayo, ambayo ni kifaa halali na mimi naitumia, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha inashindwa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo hata kizuri lazima uulize kimejaribiwa kwa watu gani.

Alafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaipendi. Chukua watu 1,000, wenye ugonjwa ni 10, na kipimo chako kinakosea kwa watu 5 tu katika kila 100 wazima. Hata kama kitawakamata wagonjwa wote 10, wazima karibu 50 nao wataambiwa wanaumwa. Yaani kati ya watu 60 uliowatisha, 50 hawana kitu! Na hicho ni kipimo kizuri, sasa fikiria kijiti, kwa vitu zaidi ya thelathini kwa mpigo.

Watu wanasema basi haina madhara si haichomi sindano. Haina madhara?? Mama mmoja aliletwa maabara kwetu amelegea, kwenye pochi ana ile karatasi ya rangi, mstari wa sukari umeandikwa kawaida, na kopo la virutubisho alilouziwa meza hiyohiyo aliyopimiwa. Dawa zake za kisukari alikuwa ameacha. Glukometa ikaandika HI, maana sukari imepita mwisho wa kile kinachoweza kusomeka.

Muuzaji yeyote, wa kijiti au wa mashine ya mamilioni, mwombe namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na uihakiki kwao wenyewe (walioko Kenya ni Pharmacy and Poisons Board), soma na matumizi yaliyosajiliwa maana kuna vinavyosajiliwa kwa kazi moja vinauzwa kwa nyingine. Muulize vitendanishi (kemikali za kupimia) bei gani, nani anatengeneza ikiharibika, na umeme ukikatika inakuwaje. Hela uliyotenga nunua hadubini nzuri, na kama ulishampa huyo kijana advansi mdai leo.