Usisubiri Jumatatu Ndipo Urudi kwa Mungu

Naongoza kikundi cha maombi cha akina mama, na jioni nyingine vijana hujiunga nasi. Kilio ninachokisikia kuliko vyote hakihusu wachawi wala ukosefu wa ajira. Ni hiki: "Naona aibu kuomba, maana sijaomba siku nyingi." Kila mtu ana namna yake ya kukisema. Mmoja alikuwa kwenye mfungo wa siku 21, akala msibani katikati ya safari, basi ameacha kila kitu mpaka mwezi ujao. Mwingine ameachwa na ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka. Wenzake wako Isaya, yeye bado Hesabu, anaona afadhali angoje Januari. Na vijana wana Jumatatu yao. "Mama, Jumatatu naanza upya na Mungu."

Huwa nawauliza: na leo Alhamisi je, Mungu kafunga ofisi?

Wanaosema hivi si wavivu. Mvivu hajali akikosa mkesha, analala usingizi wake vizuri. Hawa ni wale wenye bidii hasa, waliozoea kuamka saa tisa usiku, na ndiyo maana siku ya kukosa inawauma namna ile. Wanafanya kama mtu anayedaiwa dukani kwa mangi: akikosa hela anabadilisha njia, anapita nyuma ya nyumba za watu ili asionekane, akingoja mshahara utoke ndipo apite tena mbele ya duka kifua mbele. Lakini Paulo aliwaambia Wakolosai kwamba Kristo aliifuta "ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki", akaiondoa isiwepo tena, "akaigongomea msalabani". Kama hati imekwisha gongomewa, wewe unamkwepa nani?

Mtu ninayependa kuwasimulia watu wa namna hii ni John Wesley, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza ambaye kazi yake ilikuja kuzaa Kanisa la Methodisti. Watu wanamjua kama mhubiri mkubwa. Wachache wanajua alivyokuwa kabla ya hapo, na hapo kabla ndipo penye faida kwetu. Akiwa Oxford, yeye na mdogo wake Charles na marafiki wachache walikuwa na kikundi ambacho wanafunzi wenzao walikidhihaki kwa jina la Klabu Takatifu. Walifunga Jumatano na Ijumaa mpaka saa tisa alasiri. Walishiriki Meza ya Bwana kila juma. Walikwenda gerezani kuwaona wafungwa, walitoa fedha kwa maskini, waliandika jinsi walivyotumia kila saa ya siku. Hata hilo jina la Methodisti lilianza kama kejeli, kwa jinsi walivyokuwa watu wa utaratibu. Kama kuna waombaji duniani ambao kadi yao ya mahudhurio ilijaa, ni hao.

Mwaka 1735, akiwa na miaka 32, Wesley akapanda meli kwenda Georgia, Amerika, kuwahubiria wenyeji wa kule. Ndani ya meli hiyo walikuwamo Wamoravian 26, waumini wa Kanisa la Moravian, kutoka Ujerumani. Mnamo Januari 1736 dhoruba ikawapiga. Wale Wajerumani walikuwa wameanza ibada, wako kwenye zaburi, bahari ikapanda juu ya meli, tanga kuu likapasuka vipande. Waingereza wakapiga mayowe. Wajerumani wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley akamuuliza mmoja wao kama hakuogopa. Akajibu, namshukuru Mungu, hapana. Na wanawake na watoto wenu? Nao hawaogopi kufa. Mwalimu wa Oxford, mfungaji wa Jumatano na Ijumaa, akatambua kwamba yeye aliogopa.

Huko Georgia kiongozi wa Wamoravian, Spangenberg, alimuuliza: unamjua Yesu Kristo? Wesley akajibu kwamba anajua yeye ni Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akaambiwa, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Alijibu kitu, ila mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliogopa maneno yake yalikuwa matupu. Kazi ya Georgia ikaharibika. Akirudi kwao mwanzoni mwa 1738 aliandika kwamba alikwenda Amerika kuwageuza wengine, lakini yeye atageuzwa na nani?

Hapo ndipo alipokutana na kijana Mmoravian wa miaka 25, Peter Böhler. Wesley alikuwa amefikia kuacha kuhubiri, kwa sababu aliona hana imani anayoihubiri. Böhler akamkataza: hubiri imani mpaka uipate, kisha kwa kuwa unayo, utaihubiri. Naomba msomaji wa Jumatatu asome ushauri huo mara mbili. Hakuambiwa ajirekebishe kwanza. Aliambiwa aendelee kutaja zawadi ileile aliyohisi bado hajaishika.

Jioni ya tarehe 24 Mei 1738 alikwenda kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Alikwenda bila kupenda, ndivyo alivyoandika. Mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, kwa Waraka wa Warumi, na kama saa tatu kasorobo usiku, wakati msomaji anaeleza jinsi Mungu anavyougeuza moyo kwa imani katika Kristo, Wesley akahisi moyo wake umepata joto la ajabu. Akahisi kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake, naam zake yeye, zimeondolewa.

Wahubiri wengi huishia hapo, haleluya, na kwaya inaimba. Mimi nawaomba waendelee kusoma. Usiku uleule alipofika nyumbani alipigwa na majaribu mengi. Mwezi wa Januari 1739 aliandika kwamba yeye si Mkristo hata sasa, kwa sababu alijipima akaona hana upendo na furaha alivyotarajia. Yaani hata baada ya Aldersgate, hisia zilipanda na kushuka. Kwa hiyo dada yangu unayesema "siku hizi sisikii kitu nikiomba", uko kwenye msafara wa watu wa heshima. Ule moto uliousikia siku ya kuokoka haukukuokoa, na ukipoa haukupunguzii kitu mbele za Mungu. Ukiutegemea huo, umehama tu kutoka kuitegemea bidii ya mwili hadi kuitegemea bidii ya hisia.

Nimekulia miongoni mwa Wamoravian wa Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari wa kanisa hilohilo lililomshangaza Wesley baharini walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na Wamethodisti walikuwa wamekwisha anza kazi Ribe, karibu na Mombasa, tangu 1862. Mito hiyo miwili yote imepita kwetu. Ndiyo maana huwa nashangaa tukiishi kama vile habari ya neema haijawahi kufika.

Sasa kuna upande wa pili, na lazima niuseme, kwa sababu kila nikifundisha haya hutokea kijana mmoja mwerevu akauliza: basi tuache kufunga? Wesley alikutana na kijana huyo pia. Mwaka 1739 baadhi ya Wamoravian wa London, wakiongozwa na Philip Henry Molther, walianza kufundisha kwamba asiye na imani kamili atulie tu: asishiriki Meza ya Bwana, asihangaike na maombi wala kusoma Maandiko, asije akayategemea. Linasikika la kiroho kabisa. Wesley alilikataa, na Julai 1740 akaachana nao. Kwake yeye, Meza ya Bwana na maombi ni mahali Mungu anapompa neema mtu mwenye njaa. Kumwambia mwenye njaa akae mbali na meza mpaka ashibe ni kichekesho.

Na hao Wamoravian wenyewe, kabla ya kuingiwa na fundisho hilo la London, hawakuwa watu wa kukunja mikono. Kule Herrnhut, kijiji chao huko Ujerumani, Agosti 1727, baada ya Mungu kuwatembelea kwenye Meza ya Bwana, waligawana saa za usiku na mchana ili maombi yasikatike, na zamu hizo zikaendelea zaidi ya miaka 100. Angalia mpangilio wake lakini. Neema ilitangulia, zamu zikafuata. Waefeso 2 inapanga vilevile: tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu", halafu mstari unaofuata unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Ukigeuza mpangilio huo, unapata Wagalatia: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?"

Mimi haya niliyajua kwa kichwa miaka mingi. Mwilini yaliniingia nilipolazwa. Upasuaji ulikuwa mkubwa, kidonda kikagoma kupona, na dawa za maumivu zikanifanya nishindwe hata kumaliza Baba Yetu. Nilikuwa nafika "utupe leo" napotea. Kufunga ndiyo kabisa, nesi alikuwa ananihesabia vijiko vya uji. Waombaji wawili wakaja kunitazama, watu wazuri, wameacha shughuli zao. Mmoja akaniuliza kwa upole nimeacha mlango gani wazi mpaka adui akaingia. Alitaka tuanze maombi ya kufunga milango. Nikamwambia, mama, sina nguvu ya kufunga hata dirisha hilo hapo. Anisomee Warumi 8 tu. Alisoma, na alipofika pale Roho anapotuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa", nikamwomba arudie. Nilikuwa naugua kweli, na kumbe hata huko kulikuwa na mwombaji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyepoa ni huu: omba leo, na uombe kabla ya kutengeneza chochote. Usilipie siku ulizokosa. Usianze kwa kueleza kwa nini ulipotea, maelezo hayo marefu mara nyingi ni malipo ya mlango wa nyuma. Sema "Baba", kisha sema unachohitaji. Waebrania 4:16 inatuita kukikaribia kiti cha neema kwa ujasiri ili tupewe rehema, na rehema hapewi mtu ambaye hana kosa. Kama uko nyuma kwenye ratiba ya Biblia, ruka, usome mahali walipo wenzako. Hesabu haitakimbia.

Ukifunga, jaribu kufunga bila mtu yeyote kujua, hata kundi la WhatsApp. Utajishangaa utakavyotamani kudokeza.

Kuhusu mafundisho, kipimo changu ni kifupi. Msikilize mhubiri, kisha ujiulize: kwa maneno yake, ni nani anayemalizia kazi ya wokovu wangu? Wiki hii unaambiwa kuna madhabahu ya babu upande wa baba, wiki ijayo upande wa mama, kila moja na mfungo wake mkavu na bahasha yake. Sisemi giza halipo. Aliyekulia kijijini anajua lipo. Nasema Yesu alisema "Imekwisha" akiwa msalabani, na mtu anayekuambia imebaki nusu, tena kwa kiasi maalumu cha fedha, mwache, hata kama akikutazama unaanguka. Sadaka toa kwa kanisa lako na kwa jirani mwenye shida. Itoe kwa sababu umepewa.

Jiangalie pia unavyowatazama wengine, maana hapo ndipo bidii inapojifichua. Luka anasema ule mfano wa Farisayo na mtoza ushuru uliambiwa watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Mambo hayo mawili hutembea pamoja. Yule Farisayo hata alianza kwa kumshukuru Mungu, tena mfungo wake ulikuwa wa kweli, mara mbili kwa juma, na zaka yake kamili. Siku ukijikuta unamsikitikia kwa utamu fulani yule dada aliyesinzia kwenye mkesha, simama hapohapo useme la mtoza ushuru: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Halafu mfunike kanga.

Na viongozi wa vikundi, kuna la kufanya wiki hii. Kwetu tulikuwa na orodha ya nani amefunga na nani hajafunga, ikisomwa kwa sauti kila Ijumaa. Tuliifuta. Baadhi ya akina mama walinung'unika kwamba kikundi kitalala, na kwa kweli Ijumaa za kwanza viti vilipungua. Baadaye akaja mama ambaye hakuwa ameonekana muda mrefu, akakaa nyuma karibu na mlango. Tulipomaliza aliniambia kwamba hakuwa ameacha kumpenda Mungu, alikuwa amechoka tu kusomwa kwenye orodha. Ana vidonda vya tumbo, hawezi kufunga, na hakutaka kueleza ugonjwa wake mbele ya watu. Sasa yeye ndiye anayetupangia masomo.